Nimeuza Pikapu, na Sijaliwa

Alhamisi jioni, Mumbuni.

Leo kumekuwa na mawingu tangu asubuhi, yale mazito ya kutishia nguo kwenye kamba, lakini hakuna hata tone lililoanguka. Nimevua viatu, nimechemsha chai, nimekaa. Macho yamenivimba. Pikapu imeuzwa.

Imeuzwa na pesa zimeingia. Naandika mara ya pili ili mwenyewe niamini. Zimeingia.

Nianze na ungamo, maana bila hilo hakuna atakayeelewa aibu yangu.

Mimi ni karani wa shule ya sekondari, na kwa miaka mingi nimejiona bingwa wa kuwatambua wakora. Mwalimu akipata ujumbe wa "ile pesa tuma kwa hii namba," analeta simu mezani kwangu. Naitazama kwa jicho moja, natoa hukumu. Muhula uliopita mwalimu wa Kemia alipoteza elfu sita kwa mtu aliyejifanya wakala. Nilimwambia kwamba mtu akiliwa na mkora, ujue tamaa yake ndiyo iliyomtafuna kwanza. Nilisema hayo nikipiga barua muhuri, wala sikuinua kichwa.

Basi sikilizeni yaliyompata bingwa.

Pikapu ilikuwa ya baba. Miaka miwili kabla hajafariki aliihamisha ikawa kwa jina langu, kwa sababu mwaitu, mama yangu, hajui kuendesha na ndugu yangu anajua kupita kiasi. Kwa hiyo kwa karatasi ni yangu. Kwa haki ni ya mwaitu, anayekaa kule nyumbani Kathiani. Mimi niliitumia kwenda kazini na kumpelekea unga na mafuta ya taa mwisho wa wiki, lakini miezi mingi imekuwa ikilala uani kwake, kuku wakitaga ndani ya karai kule nyuma.

Jumapili moja tulipotoka kanisani, mwaitu aliizunguka ile gari mara moja, akaipiga tairi teke kidogo kama mtu anayepima ng'ombe.

"Mutheu," akasema, "uza hii kitu. Nataka kisiagi."

Wanawake wa kilima chetu hubeba mahindi mpaka Mitaboni kusagisha. Wengine hulipa pikipiki kwenda na kurudi, unga ukifika nyumbani umeshakuwa ghali kuliko mkate. Mwaitu alikuwa ameshafanya hesabu yake kimya kimya, ameshachagua hata mahali pa kujenga kibanda. Nilijaribu kumwambia kwamba ile ni gari ya baba, ina kumbukumbu.

"Kumbukumbu haisagi," akanijibu.

Mjadala ukaisha.

Niliweka tangazo kwenye mtandao na picha tano, moja ikiwa na kuku. Bei laki nne na nusu. Simu zilianza kabla sijaweka simu chini. Mmoja alitaka kubadilishana na ng'ombe watatu na kipande cha shamba ambacho, alisema, kina kesi ndogo tu. Mwingine alipiga kila asubuhi kwa siku nne, akauliza, "Bado iko?" nikamwambia iko, akasema, "Sawa," akakata. Mpaka leo sijui alikuwa na haja gani. Siku ya tano hakupiga, nikajikuta nina wasiwasi naye.

Halafu akaja Injinia.

Alijiita Injinia Dennis. Sauti yake kwenye simu ilikuwa laini kama ya mtangazaji wa habari za vifo. Aliniita "dada yangu" na mara moja "madam," alisema ana kazi ya barabara kule Makueni na anahitaji pikapu ya kubeba vijana na simiti. Sikumwambia chochote kuhusu shida zetu lakini alisema, "Najua hii gari ina maana kwenu." Nilimpenda papo hapo. Tukakubaliana Jumamosi iliyopita, saa tisa alasiri, nyumbani kwa mwaitu.

Mimi, bingwa, sikujiuliza kwa nini mtu aliye na wiki nzima achague Jumamosi saa tisa, wakati benki zote zimeshafunga.

Alikuja na mwenzake mmoja, mtu mnene asiyesema kitu, wakashushwa na teksi pale barabarani na teksi ikaondoka. Injinia alikuwa amevaa viatu vya ngozi vinavyong'aa. Nilishangaa jinsi vilivyopanda kilima chetu bila kupata vumbi. Aliinama akatazama chini ya gari, akafungua boneti, akasema, "Aaah," kwa namna ya mtu anayejua. Kisha akasimama, akapangusa mikono, akasema bei ni sawa.

Bei ni sawa! Katika Machakos nzima hakuna mtu aliyewahi kununua hata nyanya za ishirini bila kuomba apunguziwe. Mtu asiyeomba kupunguziwa ni mtu asiyepanga kulipa. Hilo nalijua leo. Jumamosi nilifikiri ni adabu.

Mwaitu alileta chai na chapati. Injinia alikula tatu, mwenzake akala tatu, bado hawajalipa. Kisha Injinia akatoa simu, akaniuliza namba ya akaunti yangu, akabonyeza bonyeza huku akikunja uso kama daktari. Simu yangu, iliyokuwa juu ya boneti pale penye mtandao kidogo, ikatetemeka.

Ujumbe. Akaunti yako imewekewa shilingi 480,000.

Moyo ulinipasuka kwa furaha. Kisha Injinia akajipiga paji la uso.

"Aki dada yangu, nimebonyeza vibaya! Nimetuma na elfu thelathini ya mafuta ya site. Sasa nitafanya aje? Vijana wananingoja."

Na mimi, Mungu anisamehe, nilimhurumia. Nilimwambia asijali. Nilikuwa na elfu thelathini na mbili kwenye simu, pesa ya karo ya mtoto wangu ya muhula ujao. Nikamwambia nitamrudishia hiyo thelathini sasa hivi. Mwenzake mnene alikuwa ameshaingia kwenye gari, ameshajirekebishia kioo. Ufunguo ulikuwa mkononi mwangu wa kushoto, bahasha yenye nyaraka za gari na fomu niliyokuwa nimeshaitia sahihi iko juu ya boneti. Mkono wa kulia ulikuwa unaelekea kwenye simu.

Mwaitu akasema, "Ngojeni."

Akasema gari ya marehemu haiwezi kutoka hapa kama mbuzi aliyeibwa. Lazima iombewe.

Injinia akatabasamu, akasema ni jambo jema sana, fupi tu kwa sababu ya muda. Hakumjua mwaitu. Mwaitu ni kiongozi wa maombi wa jumuiya yetu, na hajawahi kuomba fupi tangu abatizwe. Akamwita yule mnene atoke kwenye gari na avue kofia. Akatupanga mduara, tukashikana mikono. Mkono wangu wa kulia aliushika yeye. Wa kushoto, ule wenye ufunguo, uliangukia kwenye kiganja cha Injinia, ufunguo ukiwa katikati yetu kama kiapo cha ndoa.

Kiganja kilikuwa kimelowa jasho.

Mwaitu akaanza na uumbaji. Akashukuru kwa mbingu, kwa nchi, kwa milima ya Iveti, kwa mvua iliyokuja na ile iliyokataa. Akaingia kwa baba, alivyonunua gari, alivyolala njaa akiilipia. Akaombea injini. Akaombea tairi, moja moja, kuanzia ya mbele kushoto. Akaiombea ile ya akiba, ambayo haina upepo. Kisha akaanza kuombea barabara ya kutoka Kathiani mpaka Machakos, kona baada ya kona, na akataja kila kona kwa jina la mtu aliyeangukia hapo.

Karibu na kona ya nne nilifungua macho.

Sikuwa na shaka yoyote, lazima niseme ukweli. Nilitaka tu kuangalia tena ule ujumbe mtamu. Simu ilikuwa hatua moja mbele yangu juu ya boneti, kioo bado kinawaka, maana simu yangu haizimi mpaka niizime mwenyewe. Nikausoma upya, taratibu, kwa raha zangu. Na hapo, katikati ya raha, kitu kikanikwaruza.

Ujumbe ulikuwa umetoka kwa namba. Namba ya simu ya kawaida, ya sifuri saba, kama ya muuza mayai. Ujumbe wa benki yangu huja na jina la benki pale juu.

Tena ulikuwa umeandikwa kwa Kiswahili.

Nimekuwa na akaunti katika benki ile miaka kumi na minne. Wamenikata ada, wamenikumbusha mkopo, wamenitakia heri ya kuzaliwa siku ambayo si yangu, na yote hayo kwa Kiingereza. Haijawahi hata siku moja kunisemesha kwa Kiswahili.

Niliinua kichwa kumtazama Injinia. Na yeye alikuwa amefungua macho. Alikuwa anaitazama ile bahasha ya nyaraka, akiipima kwa jicho vile paka anavyopima umbali wa nyama. Akahisi ninamwangalia, akageuza uso.

Tukatazamana.

Sitasahau. Watu wawili wazima, tumeshikana mikono, mwaitu anaombea kona ya daraja, na kila mmoja anajua mwenzake hasali. Nilijua. Akajua kwamba nimejua. Na kwa sababu ambayo siwezi kueleza mpaka kesho, sote wawili tukafumba macho haraka, kama watoto waliokamatwa na padri.

Kwenye giza lile la macho yaliyofumbwa nilifikiri kuliko nilivyowahi kufikiri. Nyumba ya karibu ni ng'ambo ya bonde. Sisi ni wanawake wawili, mmoja ana miaka sabini. Nikipiga kelele, watafanya nini? Polepole, kidole baada ya kidole, nikaanza kuuvuta ule ufunguo. Injinia naye akakaza. Nikavuta. Akakaza. Juu yetu mwaitu akaomba kwa sauti, "Na Bwana, kila mkono ulioshika kitu ambacho si chake, uulegeze!"

Mkono ukalegea.

Baadaye nilimuuliza mwaitu kama alikuwa ameona kitu. Aliapa hakuwa ameona chochote, macho yake yalikuwa yamefungwa. Alikuwa anawaombea polisi wa barabarani.

"Amina," tukasema wote, Injinia kwa sauti kubwa kutushinda. Ufunguo nilikuwa nimeshautumbukiza kifuani. Nikachukua bahasha, nikaikalia juu ya kigoda, nikasema kwa sauti ambayo sikujua ninayo:

"Injinia, hapa mtandao ni mbaya. Tuonane Jumatatu benki. Hiyo elfu thelathini yako nitakutolea pale kwa kaunta, mkononi, na risiti."

"Jumatatu niko Mombasa, dada."

"Basi Jumanne."

"Sasa dada, si umeona message? Huniamini?"

Mwaitu, ambaye bado hakuwa ameelewa lolote, akaingilia kwa upole: "Baba, hata mimi nisingetaka upoteze elfu thelathini. Nenda benki na yeye. Mutheu ni mwaminifu."

Injinia akatazama mwenzake. Simu yake ikalia, ingawa mimi sikuisikia ikilia, akaiweka sikioni, akasema, "Ati nini? Ukuta umeanguka?" Ukuta wa barabara, jamani. Akatuambia kuna dharura kazini na watarudi. Wakashuka kilima kwa miguu, viatu vinavyong'aa vikiteleza kwenye changarawe. Mwaitu aliwakimbilia na mfuko wa plastiki, akawapa maparachichi manne ya njiani.

Wakayachukua. Hasara yetu yote ya Jumamosi: chapati sita na maparachichi manne.

Nilipomweleza mwaitu, alikusanya vikombe vya chai. Kisha akasema jambo moja tu: yule mnene alikuwa ameongeza sukari mara tatu.

Jumatatu asubuhi nilikuwa wa kwanza mlangoni pa benki. Niliomba salio. Shilingi elfu moja mia tatu na kumi na mbili, zilezile nilizoziacha. Nilitoka pale nikaenda shuleni, nikamnunulia mwalimu wa Kemia chai na mandazi mawili, nikamwomba msamaha. Hakuelewa kwa nini. Alikula mandazi.

Sasa ungedhani hapo nilipata hekima. Hapana. Nilipata kichaa cha upande wa pili.

Jumanne alipiga mtu anaitwa Mzee Abdalla. Ana duka la magodoro na vitanda mjini, karibu na msikiti, na anataka pikapu ya kupelekea wateja mizigo. Maskini hakujua ni nani aliyepokea simu. Nilimhoji kama afisa wa uhamiaji. Kitambulisho? Duka liko wapi hasa? Nani jirani yako wa kushoto? Nilimwambia kwamba kwangu hakuna ujumbe wa simu, hakuna picha ya risiti, hakuna hundi, hakuna Jumamosi. Tutaonana ndani ya benki yangu, mchana, pesa zitawekwa na yeye mwenyewe kaunta, na nitaamini zimeingia nikiambiwa na mtu wa benki kwa mdomo wake.

Nikajua nimemkamata.

"Umemaliza?" akauliza.

"Nimemaliza."

"Sasa na mimi niseme yangu," akaanza.

Kumbe na yeye ni majeruhi. Miaka mitatu iliyopita alilipa malipo ya kwanza ya gari ya mizigo, laki moja na nusu, kwa kijana aliyekuja na nyaraka safi kabisa. Gari ilikuwa ya mtu mwingine, ambaye wakati huo alikuwa amelazwa hospitali na hakujua gari yake inauzwa. Kwa hiyo Mzee Abdalla naye alitaka kuona kitambulisho changu. Alitaka fundi wake asome namba ya chesisi na kuilinganisha na ya nyaraka. Na alitaka nianzishe uhamisho wa umiliki kwenye mtandao, mbele ya macho yake, kabla hajaachilia shilingi hata moja.

"Kabla?" nikasema. "Baada."

"Kabla."

Tukaachia hapo. Aliomba apunguziwe, nikampunguzia kidogo, tukakubaliana Alhamisi saa nne, ndani ya benki. Nikaomba ruhusa kazini.

Leo asubuhi basi. Mwaitu alivaa kitenge chake cha harusi za watu na akakataa kubaki nyumbani. Nje ya benki fundi wa Mzee alijilaza chini ya pikapu kwa nusu saa, akatoka na grisi usoni, akasema namba zinalingana na breki ni za kuombewa. Mwaitu akamwambia zimeshaombewa.

Mzee Abdalla ni mtu mwembamba mwenye ndevu za mvi, kanzu imepigwa pasi vizuri, na begi dogo la bluu amelibana kwapani kama mtoto mgonjwa. Alimsalimia mwaitu kwa Kikamba safi, "Wi museo, mwaitu?", na mwaitu akalainika mara moja. Mimi sikulainika. Injinia naye alikuwa na salamu nzuri.

Tukaingia ndani, tukakaa kwenye kile kiti kirefu. Mzee upande ule na begi lake magotini. Mimi upande huu na bahasha yangu magotini. Mwaitu katikati.

"Haya, weka pesa," nikasema.

"Haya, anzisha uhamisho," akasema.

"Nikianzisha halafu uondoke?"

"Nikiweka halafu ukatae?"

"Mimi si mwizi, Mzee."

"Hata yule kijana hakuwa ameandikwa mwizi kwa shati."

Namba yetu ikaitwa. Hakuna aliyeinuka. Ikaitwa mara ya pili. Mzee akakaza begi, nami nikakaza bahasha. Mtu aliyekuwa nyuma yetu akapita mbele, akahudumiwa, akaondoka. Tukachukua namba nyingine. Nayo ikaitwa ikapita. Soja wa mlangoni alikuwa ameanza kututazama, na sikumlaumu: watu watatu wamekaa benki karibu saa nzima, wameshikilia mizigo, hawafanyi lolote. Hata mimi ningepiga simu mahali.

Nilimwangalia Mzee kwa pembe ya jicho. Kila nilipojisogeza, kidole chake gumba kilikimbilia zipu ya begi kuona kama imefungwa. Ndipo nikatambua kwamba mtu huyu ananiogopa. Mimi! Karani wa shule, mama wa mtoto mmoja, aliyelia kwa ajili ya kuku aliyegongwa na pikipiki. Kuna mtu Machakos hii amelala usingizi mbaya kwa sababu yangu, akijiuliza kama nitamla.

Sijui kwa nini hilo liliniumiza hivyo.

Mwaitu ndiye aliyechoka wa kwanza. Alifungua mkoba wake mkubwa mweusi, akauweka wazi magotini.

"Mutheu, leta hiyo bahasha. Na ufunguo."

Nikampa.

"Simu yako uko nayo? Ule uhamisho, uuandike wote, ubakishe kile cha mwisho cha kubonyeza. Umuonyeshe." Nikaandika jina la Mzee, namba yake ya kitambulisho, namba ya gari. Nikamwonyesha Mzee. Akavaa miwani, akasoma kila herufi, akatikisa kichwa kukubali.

"Sasa baba, wewe nenda kwa dirisha uweke pesa yako. Mutheu atasimama kando yako aone. Yule msichana akisema pesa iko, Mutheu atabonyeza, na mimi nitakupatia hii bahasha na ufunguo. Mimi ndio nitakaa hapa na hivi vitu. Nikitoroka," akanyoosha mguu, "niko na goti moja tu linafanya kazi, na yule soja ni kijana. Atanishika kabla ya ngazi."

Mzee Abdalla alimtazama, kisha akacheka. Alicheka mpaka miwani ikamteleza. Nami nikacheka, na soja, ambaye hakujua tunacheka nini, akatabasamu kwa usalama.

Tukaenda dirishani. Binti wa kaunta alipitisha noti kwenye mashine, bando baada ya bando. Mashine ikaitema moja, ikaitema tena. Mzee akawa mwekundu kama mtu niliyemkamata akiiba. Ilikuwa imepasuka pembeni tu. Akaibadilisha na nyingine kutoka mfukoni mwake, huku akiniapia kwa Mungu wake mara tatu.

"Imeingia?" nikamuuliza binti.

"Imeingia."

"Imeingia kabisa? Haiwezi kurudi?"

"Madam, iko kwa akaunti yako."

"Naomba unichapishie."

Akanichapishia. Niliisoma kutoka juu mpaka chini. Kwa Kiingereza. Sijawahi kuipenda benki yangu hivyo.

Nikabonyeza kile cha mwisho. Simu ya Mzee ikalia, naye akabonyeza kukubali, tukatia sahihi mkataba niliouchapa mwenyewe, nakala mbili. Mwaitu akamkabidhi bahasha kwa mikono miwili, kama anayeoza binti. Mzee akamwambia kisiagi kikiwa tayari atamletea godoro la kulalia mlinzi, kwa bei ya kununulia. Mwaitu akamwuliza bei hiyo ni ngapi. Wakaanza kupatana pale pale, na mwaitu akaomba apunguziwe.

Nje, Mzee aliingia ndani ya gari. Alisogeza kiti mbele, akajaribu taa za kona, hazikuwaka, hazijawahi kuwaka. Akatoa mkono dirishani kuonyesha anakopita, akaingia barabarani polepole, akapotea nyuma ya lori la mchanga.

Na mimi nikaanza kulia.

Si machozi ya adabu. Nililia kwa kwikwi, nimeshika ile karatasi ya benki, mbele ya watu wa Machakos wanaopita na mboga zao. Soja akaja mbio, mkono kwenye rungu.

"Madam! Wamekula pesa yako?"

"Hapana," nikasema. "Amenilipa."

"Nusu?"

"Yote."

Akamgeukia mwaitu apate maelezo ya mtu mzima.

"Mwache alie kidogo," mwaitu akamwambia. "Akiwa mdogo alikuwa anakaa hapo katikati ya ile gari, kati yangu na babake. Mguu wake mmoja huku, mmoja kule, gia hapa. Alikuwa anafikiri ni yeye anaendesha."

Alisema hayo akitazama barabara, na nikaona kidevu chake kinacheza kidogo tu, mara moja, kisha kikatulia.

Yule soja ni kijana mzuri. Aliingia ndani akarudi na kiti cha plastiki, akakiweka kando yangu na kukifuta vumbi.

Mwaitu akashukuru, akakaa.

Mimi nikamalizia kulia nikiwa nimesimama.